Khanga ya Madeni Manne

Watu wengine huhesabu pesa. Mimi huzifunga. Nyuma ya mlango wa chumba changu, hapa Masasi, kuna khanga kuukuu iliyotundikwa kwenye msumari, na maandishi yake yamefifia hata limebaki neno moja tu, "wivu", ambalo kwa kweli halinihusu. Khanga hiyo haivaliwi wala haifuliwi. Kazi yake ni madeni.

Khanga ina pembe nne, na wakati ninaousimulia nilikuwa na madeni manne, kila deni na pembe yake. Pembe ya kwanza ilikuwa ya kikundi, wanawake wa mtaani kwetu tuliokopeshwa kwa pamoja. Marejesho kila Jumatatu asubuhi, jua liwake mvua inyeshe. Ya pili ilikuwa ya mwenye duka la vitambaa pale sokoni, anayenipa mali kauli nami humlipa mwisho wa mwezi. Ya tatu ilikuwa ya dawa ya mikorosho, maana mume wangu ana shamba Chiwata, na mwenye duka la dawa alikubali kusubiri mpaka korosho zilipwe. Ya nne ilikuwa ya simu. Hiyo ya simu niacheni kwanza, nitaifikia nikiwa nimetulia.

Kila jioni nikimaliza kushona nilikuwa nakaa kitandani na pato la siku mapajani, nagawa. Hii ya Jumatatu, fundo. Hii ya vitambaa, fundo. Kilichobaki bila kufungwa ndicho changu, na mara nyingi kilikuwa cha dagaa na mkaa. Mtu akiniuliza, "Fundi, una hela?" nilikuwa najibu kwa moyo mweupe kwamba sina, hata kama nyuma ya mlango imening'inia laki nzima. Pesa iliyofungwa si yangu. Iko kwangu tu, imelala, inasubiri mwenyewe.

Mume wangu alikuwa akinicheka. Yeye pesa zake zote huziweka mfuko mmoja wa suruali, na akiulizwa zilikokwenda anaugeuza mfuko nje, kana kwamba ndiyo maelezo. Nilimwambia siku moja, "Baba watoto, mali bila daftari hupotea bila habari." Akasema, "Na wewe daftari lako liko wapi?" Nikamwonyesha khanga. Akacheka mpaka akakaa chini.

Acheke tu. Mfumo wangu ulifanya kazi. Tatizo lake lilikuwa pembe ya nne, ile ya simu. Nilikuwa nimekopa kwenye simu siku niliyopungukiwa na uzi, kidogo tu, nikaambiwa nitakatwa. Nikafunga hela ya simu kwenye pembe yake, nikaridhika. Kumbe simu haisubiri fundo. Mwalimu mmoja alinitumia malipo ya sare za watoto wake, meseji ikaingia nikafurahi, na kabla sijamaliza kufurahi ikaingia meseji nyingine: imekatwa. Deni pamoja na riba yake. Nilikaa pale na khanga pembeni ina hela ya simu, na simu mkononi imeshajilipa yenyewe, na sare sijanunulia hata vifungo. Nilitukana, nakiri. Jirani alichungulia dirishani akidhani nimevamiwa.

Tangu siku hiyo wateja wangu wote wakajua sheria: leta mkononi. Wengine walinuna. Lakini kila nikiweka fundo la Jumatatu nilikuwa naligusa mara mbili, kwa sababu dhamana yangu kwa kikundi ilikuwa cherehani.

Niseme kuhusu cherehani hiyo. Kabla yake nilishona miaka mingi kwenye mashine ya mtu, ya kukanyaga, na kila gauni nililoshona nusu ya ujira ilikwenda kwa mwenye mashine, naye alikuwa hata sindano hajui kuitunga uzi. Ile ya mkopo ni ya umeme, nyeupe, inashona kitenge kizito kama inakata mkate. Siku ilipofika nyumbani niliifuta kwa ukingo wa gauni langu la kanisani. Niliapa sitarudi tena kwenye mashine ya mtu. Hivyo nikikosa rejesho, wakaichukua, mimi nimekwisha: narudi nilikotoka, na nywele zimeshaanza mvi.

Basi ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa. Kwetu huku hiyo maana yake ni ngoma. Watoto waliokuwa ndani kwa jando na unyago wanatoka, kila mtaa una spika, kila ukoo unataka sare, na mafundi hatulali. Korosho zilikuwa zimeuzwa mnadani, watu wameshaambiwa bei, lakini hela haijaingia kwenye akaunti. Hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote, maana mtu anajiona tajiri na hana nauli. Wanashonesha kwa ahadi. "Fundi, korosho zikilipwa tu." Korosho zikilipwa tu! Sentensi hiyo ningelipwa shilingi kila nikiisikia ningejenga ghorofa.

Ndipo akanipigia shoga yangu wa Newala.

Mimi kwetu ni Newala. Huyu tumekua pamoja, tumechota maji pamoja bondeni zama zile ambazo ndoo ya maji ilikuwa safari ya nusu siku, na tukachezwa unyago pamoja, kwa hiyo yupo kwenye mambo yangu ambayo hata mume wangu hayajui. Alisema kwa sauti ya furaha, "Shoga, mwali anatoka Jumamosi!"

Nikapiga vigelegele kwenye simu. Kisha nikakata, nikaitazama khanga nyuma ya mlango. Pembe ya simu tupu, nyingine tatu zote zina wenyewe.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Mwanangu wa kwanza alipotoka ndani, shoga yangu alishuka kutoka Newala akiwa na doti ya khanga, jogoo aliyefungwa miguu, na noti alizonibandika usoni na kifuani moja moja huku akicheza, watu wakihesabu kwa sauti. Ile ndiyo tunzo. Wanaiita zawadi, na ni zawadi kweli, lakini kila mwanamke pale uwanjani anakumbuka nani alimtunza nani na kwa kiasi gani. Siku ya mwanawe inapofika, unarudisha, tena unarudisha na cha juu. Haina tarehe. Hakuna meseji. Unakaa nayo miaka mpaka unadhani umesahau, halafu inakuja kwa vigelegele. Mimi niliyejidai hodari wa kufunga mafundo, deni kubwa kuliko yote sikuwahi kulifungia hata senti.

Nilijipangia vizuri. Nitakwenda, nitacheza, nitatoa doti ya vitenge niliyojibania kwenye vitambaa vya dukani, na tunzo ndogo ya kujikosha. Shoga yangu nitamvuta pembeni nimwambie ukweli. Ataelewa. Hela ya Jumatatu nikaona nisiiache nyumbani, msimu wa korosho nao una wezi wake, nikaihamishia kwenye pindo la khanga niliyovaa kiunoni. Kwa usalama. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Newala ilikuwa na ubaridi wake na upepo wake, na mchanga mwekundu umeingia mpaka kwenye chai. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwali alitoka akiwa amefunikwa, anang'aa mafuta, macho chini, na mama yake mbele yake anacheza kama hana magoti ya umri wetu. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na kinywa kisicho na breki. Kila anayetunza anatajwa: "Shangazi huyo! Shangazi na elfu kumi, jamani, shangazi hajaja kula wali!" Watu wanaanguka kwa kicheko.

Nikajipenyeza na doti yangu. Nikamvisha mwali, nikabandika noti zangu chache, nikageuka kuondoka.

"Fundi kutoka Masasi!" kipaza sauti kikaita. "Mji wa korosho! Mwenye mashine ya umeme! Fundi, umetuletea sampuli, mzigo uko njiani?"

Uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka, maana ilichekesha. Bibi mmoja, mtani wangu upande wa mama, akanishika mkono asiniachie. "Usituaibishe, mke wangu," akasema, maana kwa utani mimi ni mke wake. "Mwenzio alipanda gari na jogoo." Nikamtazama shoga yangu. Alikuwa anacheza ananijia, mikono ameinyoosha, uso umelowa jasho na machozi, anacheka, na nikamwona kama alivyokuwa tukiwa wasichana bondeni, ndoo kichwani, tunaimba ili tusisikie uchovu.

Nikafungua pindo.

Nilimbandika noti ya kwanza kwenye paji la uso. Ya pili shavuni. Ngoma ikapanda, vigelegele vikapanda, na mimi nikabandika Jumatatu yangu yote, noti kwa noti, mpaka pindo likabaki kitambaa kitupu. Nitadanganya nikisema nilijuta palepale. Sikujuta. Nilifurahi mno, nilicheza mpaka kiatu kikakatika, na usiku nililala chumba kimoja na shoga yangu tukicheka kama wendawazimu. Majuto yalisubiri kwenye gari la kurudi. Tulipoanza kushuka mlima tu, yakapanda.

Jumatatu tulikutana kama kawaida kwa mwenyekiti wetu wa kikundi, uani kwake. Huyu ni mama mtu mzima, mjane, watoto wake wote wako Dar es Salaam. Kwenye mambo ya marejesho alikuwa hana mchezo. Mtu akisema ana msiba, anampa pole, kisha anamwambia ataje kiasi. Kwake saa mbili ni saa mbili. Hakuna anayeondoka mpaka hesabu itimie, na afisa wa mkopo anakaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai, ana subira ya mjusi.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. "Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Weka mezani."

"Sina, mama."

"Imekwenda wapi?"

Nikafikiria kusema imeibwa. Nikashindwa. "Nimetunza mwali, Newala."

Wanawake wakaangua kicheko, si cha kunidhihaki, kile cha mtu aliyeguswa kidonda chake mwenyewe. Nusu yao nao walikuwa na ngoma wiki hiyo. Mmoja akasema, "Angalau umecheza, dada." Mwenyekiti peke yake ndiye hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na hela, akaiweka mezani mbele ya afisa, taratibu, zote kamili.

"Sheria ni ileile," akasema. "Anayekulipia ndiye anayeshika dhamana. Mashine ije kwangu leo."

Nilitembea nyuma ya mkokoteni, mashine yangu imefunikwa shuka, kutoka kwetu mpaka kwake, njia nzima inaniangalia. Jirani akauliza, "Fundi, unahama?" Nikamjibu, "Nampeleka mwali ndani." Akacheka. Nilipofika nyumbani nikakuta pale ilipokuwa inakaa pana mraba msafi sakafuni, na vipande vya uzi pembeni. Nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana nilijua nikitoka hapo kesho yake ni kwenda kupiga hodi kwa yule mwenye mashine ya kukanyaga.

Lakini mimi ni mbishi. Wanaonijua wanajua. Asubuhi niliamka nikiwa na wazo, nikabeba mfuko wa nguo za wateja, nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta hela?"

"Nimeleta uzi."

Akanitazama. Nikamwambia sheria inasema mashine ikae kwake; haijasema isishone. Ikikaa tu haitamlipa mtu. Nikishonea hapahapa, kila jioni atachukua chake kwanza, na mimi mashine sitaitoa hata mlangoni. Akaweka mikono kiunoni.

"Umeme?"

"Nitanunua mimi."

"Na takataka za vitambaa?"

"Nitafagia."

Akasogea mlangoni nikapita.

Siku ya kwanza nilishonea chumba cha ndani, giza, bado kidogo nijishone kidole. Siku iliyofuata akaniambia kwa ukali nitoke barazani kwenye mwanga, atakuja kulaumiwa bure nikipofuka. Sasa baraza lake linatazama barabara ya sokoni. Watu wakaona mashine, wakaona vitenge, wakaanza kusimama. Wiki haikuisha nikawa na kazi nyingi kuliko nilizowahi kupata nikiwa nyumbani uchochoroni.

Na hapo ndipo nilipomjua mwenyekiti. Alikuwa anakaa kwenye mkeka wake karibu yangu eti anailinda dhamana. Mteja akija na ile sentensi yao, "Fundi, korosho zikilipwa tu," kabla sijafungua mdomo yeye anajibu: "Zikilipwa, utaikuta nguo yako hapa, imepigwa pasi." Hakuna aliyembishia. Mteja akiomba apunguziwe, ananikonyeza nisikubali. Mwingine alisema atatuma kwa simu, mwenyekiti akamwonyesha wakala alipo, ng'ambo ya barabara, akatoe aje nazo. Nikaanza kulipwa hela yote siku ileile, kitu ambacho tangu nianze ufundi sijakiona. Jioni anachukua chake, ananipa changu, nami narudi kufunga mafundo yangu.

Kisha akaanza kushika vifungo. Hakuomba, wala sikumwomba. Siku moja nilimkuta amevaa miwani, anapachika vifungo kwenye shati la shule, ulimi nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Vilikuwa vimekaa upande. Nilisubiri aingie ndani nikavifumua. Vya siku ya tatu sikuvifumua. Alipika pia, na alikuwa hajui kupika kidogo. Sufuria lake ni la watu wengi, la zamani zile nyumba ilipojaa. Nilipomwambia, "Mama, ugali huu ni wa kijiji," akasema, "Basi kula kama kijiji." Jumapili watoto wake hupiga simu kutoka Dar. Alikuwa anaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie, na anawaambia, "Tuko tunashona hapa." Tuko.

Hela ya korosho ikaingia. Mume wangu alipiga kutoka Chiwata akipiga kelele kama aliyeua simba. Mwenye dawa akalipwa, mwenye vitambaa akalipwa kabla ya tarehe, akashtuka. Nikafunga kitita cha mwenyekiti, kile kilichobaki, nikaita mkokoteni, nikaenda nao asubuhi na mapema. Nilikuwa na furaha ya kuimba. Ule mraba sakafuni nilikuwa nimeshaupiga deki.

"Shikamoo mama. Leo nimeleta hela."

"Marahaba." Akavaa miwani. Mwanamke huyu anahesabu noti kwa kasi ya karani wa benki, nimemwona Jumatatu ngapi sijui. Siku hiyo alihesabu noti moja moja, akizinyoosha. Akamaliza. Akaanza upya.

"Zimetimia?" nikauliza.

"Zimetimia."

Mwenye mkokoteni akaanza kukunjua shuka la kufunikia. Nikaona cherehani ina kitambaa kipya cheupe juu yake, cha kufuma kwa mkono, kimekaa upande kidogo. Kwenye mkeka palikuwa na shati la shule lenye vifungo viwili, na cha tatu kina sindano bado ndani yake.

Mwenyekiti hakunitazama. Alikuwa anazifunga zile noti kwa mpira, anazungusha mpira, anazungusha tena.

"Jumatatu ijayo," akasema, "huwezi ukachelewesha rejesho kidogo?"

Nilimlipa mwenye mkokoteni pesa ya usumbufu, nikamwambia arudi zake. Kisha nikavua viatu, nikapanda barazani, nikamuuliza mwenyekiti shati lile ni la nani na limeahidiwa lini.